Aliyeifundisha Winchi Kukataa

Tulimwita Fundi Mkuu, ingawa pale kiwandani hapakuwa na fundi mdogo wala wa kati. Alikuwa peke yake, na begi lake la turubai, na jaketi la kijani ambalo kwa baridi ya Sumbawanga halikumtoka mwilini mwezi wa sita wala wa kumi na mbili. Ukoo wake siujui vizuri, na alikozaliwa alinitajia mahali patatu tofauti, kwa hiyo hayo tuyaache. Ninachokijua ni kwamba kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, sikuwahi kumsikia akimwambia binadamu yeyote hapana. Na kazi iliyomlisha, iliyomjengea jina mkoa mzima, ilikuwa kuzifundisha mashine kukataa.

Mimi ni mwendesha winchi. Kiwanda chetu cha sembe kina ghorofa: mahindi humwagwa juu, unga hutoka chini. Katikati kuna winchi yenye kamba ya chuma, ndoano, na kitanda cha chuma kinachopakiwa magunia. Mimi nashika rimoti ya waya, nabonyeza, mzigo unapanda. Wabebaji wanafanya kazi chini yake, wakiongozwa na Vitalisi wa Milanzi, baba wa watoto wengi na mcheshi kupita kiasi. Hawana njia nyingine ya kupita. Kila mzigo unaopanda unapita juu ya vichwa vyao, na kidole kilicho kwenye kitufe ni changu. Ndiyo maana swichi ya uzito, kwangu mimi, haijawahi kuwa jambo la mafundi peke yao.

Swichi yenyewe ukiiona utaidharau. Ni kidude cha ukubwa wa boksi la sabuni, kinabana kwenye ule mwisho wa kamba ambao hautembei. Mzigo ukivuta kamba, kidude kinavutwa nacho. Ukizidi kipimo, kinakata umeme wa kupandisha na kengele inalia. Fundi Mkuu aliweza kuzungumzia kidude hicho tangu chai ya saa nne mpaka ugali wa mchana, huku sahani ya samaki, migebuka ya ziwani, ikipoa mbele yake. Alisema swichi haichaguliwi kama mchumba, kwa kuitazama sura. Kwanza ujue mzigo wa kila siku, kisha ujue mzigo wa siku ya ujinga, halafu utafute swichi ambayo kipimo chako kinaangukia katikati ya uwezo wake. Swichi kubwa mno haiusikii mzigo mdogo, na swichi ndogo mno inalia hata panya akipita.

Panya aliwataja sana. Nyaya za swichi, alisema, zifungwe hivi: umeme upite siku zote za amani, na waya ukikatika mashine isimame.

"Panya akitafuna waya wangu," aliniambia, "nataka awe amesimamisha kazi. Sitaki awe amempasua Vitalisi kichwa."

Vitalisi alikuwepo, na alishukuru kwa kuzingatiwa.

Na la tatu, ambalo alilirudia mpaka tukalisema naye kwa pamoja, ni kwamba swichi ikate njia ya kupanda tu. Njia ya kushuka isiguswe. Aliyezidiwa mwachie ashuke, alisema, ukimfungia kote utamuua na mzigo wake. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemwombea radhi ndugu yake, na nadhani hapo ndipo lilipoanza lile jambo la makofi.

Kwetu Ufipa mkubwa husalimiwa kwa kuchutama na kupiga makofi ya taratibu. Basi Fundi Mkuu aliwafundisha wabebaji kwamba winchi ikikataa, wasiitukane wala wasiipige teke, maana imesema kweli. Waiombe radhi, wapunguze gunia. Wabebaji, watu wa adabu na watu wa mzaha kwa wakati mmoja, wakaanza kuchutama. Kengele ikilia, wanaume wote wenye misuli wanashuka chini, pa, pa, pa, "samahani mzee," kisha wanatoa gunia. Ilianza kama utani, na baada ya msimu mmoja hakuna aliyekumbuka kwamba ni utani. Madereva wa malori kutoka mbali wakaona, wakaenda kusimulia huko kwao kwamba Sumbawanga kuna ndoano inayoabudiwa. Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga huwa tayari wana lao la uchawi moyoni, na sisi tukawaongezea la ndoano.

Sasa, huyo mtu aliyeipa mashine ulimi wa kukataa, mwenyewe hakuwa nao. Ukimwomba akutengenezee redio, ndiyo. Awe mwenyekiti wa kamati ya harusi, ndiyo. Akushikie ng'ombe, akuandikishie mtoto shule, apande paa la kanisa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa tabasamu, hata kama siku hiyo alishaahidi kwa watu wengine. Matokeo yake alikuwa akikimbia mji mzima na baiskeli, amebeba jenereta la mtu nyuma na mbuzi wa mtu mbele, anapepesuka kwenye upepo. Mimi nilimwambia baiskeli yake ndiyo inayohitaji swichi. Akasema ni kweli, ataiwekea, na hilo nalo likaingia kwenye ahadi.

Nikupe mfano wa ng'ombe. Kulikuwa na mfugaji mmoja mtu mzima, Msukuma aliyehamia huku na mifugo yake, akitaka kuuza dume kwa mchinjaji, na kila mmoja ana makadirio yake ya uzito. Mizani ya ng'ombe haikuwepo karibu. Wakamwendea Fundi Mkuu: si swichi yako inajua uzito? Akasema ndiyo. Jumapili, kazi imesimama, dume likavishwa mikanda ya turubai likaning'inizwa. Wazo lilikuwa kwamba ataishusha skrubu ya swichi kidogo kidogo mpaka kengele ilie, na hapo ndipo uzito wa dume. Lakini dume halikupenda kuning'inia. Likirusha miguu, kengele inalia. Likitulia, kengele inanyamaza. Mfugaji akadai uzito wa kweli ni ule wa wakati wa kurusha miguu, na akaanza kulichokoza kwa fimbo. Mchinjaji akadai uzito wa kweli ni wa wakati wa kutulia, na akaanza kuliimbia. Fundi Mkuu akaeleza kwamba mzigo ukiruka uzito unaongezeka, na ndiyo sababu swichi nzuri husubiri kidogo mzigo uheme kabla ya kuuhukumu. Hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe waliafikiana juu ya uzito wa dume lenye kinyongo kidogo, wakapeana mikono, na mimi nilifagia samadi mpaka jioni.

Na harusi ya kijijini Kate. Mpwa wake alikuwa anaolewa, na Fundi Mkuu alikuwa amekubali kuwa mpambaji, mtu wa muziki, mtu wa jenereta na msemaji wa familia. Jukwaa lilikuwa la mbao za kuazima, hakuliamini, akaweka swichi chini yake na kuiunga kwenye muziki: watu wakizidi jukwaani, muziki unakatika mpaka washuke. Aliona ni akili sana. Ulipofika wakati wa zawadi, mashangazi wakapanda wanacheza na masufuria kichwani, muziki ukakata. Watu wakadhani ni jenereta, wakapanda wengine kutazama kuna nini. Upande wa bwana harusi wakaanza kunong'ona kwamba wenzao wanakataa zawadi zao. Shangazi mmoja, mwili wake wa kutosha, akashuka ngazi moja, muziki ukarudi. Akapanda, ukakata. Ukumbi mzima ukamwona, na yeye akawaona wanavyomwona.

Shangazi yule akarudi katikati ya jukwaa, akaweka sufuria chini, akasema hashuki. Na hakushuka. Waliimba kwa midomo na kupiga masufuria mpaka mwisho, na mimi niliyekuwepo nasema ile ndiyo sehemu iliyonoga kuliko zote. Fundi Mkuu alijificha nyuma ya spika zake zilizonyamaza. Aliniambia baadaye kwamba kosa lake ni kipimo: alihesabu watu, hakuhesabu masufuria.

Mke wake, tuliyemwita Mama Mkuu kwa kuwa hakuna namna nyingine, alikuwa mwanamke mkavu wa maneno. Alichoshwa na watu waliojaa barazani kwake kila asubuhi kuja kuomba hiki na kile. Akamwambia mumewe, wewe si ndiye fundi wa kukataa, basi nitengenezee benchi linalokataa. Akasema ndiyo. Akaweka swichi kwenye benchi la wageni, waombaji wakizidi watatu kengele inalia. Kesho yake nilipita pale nikakuta watatu wamekaa, na wengine wote wamesimama kwa heshima kando ya benchi, na mume wake anawaletea chai wote. Mama Mkuu aliniangalia, akaingia ndani, akafunga mlango. Alikuwa na haki. Mgongo wa yule mzee ulikuwa umeanza kupinda, na usiku alikuwa analala ameketi.

Kisha ikaja habari ya lumbesa.

Lumbesa kila mtu anaijua: gunia linajazwa, halafu linashonewa kilemba juu, linabeba zaidi ya ujazo wake na bado linaitwa gunia moja. Msimu ule mahindi yalikuwa mengi, malori yamepanga foleni mpaka barabarani, na kila gunia lilikuja na kilemba. Winchi yetu ilikuwa imepimiwa magunia matano ya kawaida. Matano ya lumbesa ikayakataa. Kengele, makofi, samahani mzee, toa gunia. Kengele tena. Tajiri, mwenye kiwanda, mtu mkubwa wa mwili ambaye si mbaya ila ana haraka, alivumilia siku chache. Kisha akamwita Fundi Mkuu mbele yetu sote, akamwambia aweke njia ya kuipita ile swichi, ili winchi ipandishe tu.

Nilimtazama Fundi Mkuu. Vitalisi naye alimtazama. Hakuna kati yetu aliyekuwa na mashaka na jibu, na ndilo lililotuogopesha.

"Ndiyo, tajiri," alisema.

Nilikasirika, sifichi. Siku ile sikumpa hata mkono wa kuagana. Nilijua kamba ile, nilikuwa naisikia ikilia kwenye puli mzigo ukiwa mzito, na nilijua waliopo chini. Nilijiambia huyu mzee atatuulia watu kwa adabu yake.

Kesho yake akamwonyesha Tajiri kazi aliyoifanya. Njia ya kuipita swichi ilikuwepo, kama alivyoagizwa. Ilikuwa kibao cha chuma kilichofungwa kwa nati sakafuni, chini ya ndoano kabisa, kinatosha miguu ya mtu mmoja. Mtu akisimama pale, winchi itapandisha chochote. Akitoka, inarudi kwenye ukaidi wake. Na chini ya kibao, Fundi Mkuu alieleza kwa unyenyekevu, kuna swichi nyingine ya uzito, kwa hiyo si kila mtu anaweza. Vitalisi akapanda, hakuna kitu. Mbebaji mnene kuliko wote akapanda, hakuna kitu. Fundi Mkuu akakuna kichwa, akasema anadhani kipimo kimeangukia kwa Tajiri mwenyewe.

Angekuwa mtu mwingine, angemfukuza. Tajiri alitazama kibao, akatutazama sisi tunaomtazama, na kiburi kikamshika. Akapanda. Kengele haikulia. Akaniambia nibonyeze, nikabonyeza, na lumbesa tano zikapanda juu ya kichwa cha mwenye mali. Zilipofika usawa wa dirisha, mshono wa kilemba kimoja ukaachia kidogo, na mahindi yakaanza kummwagikia, punje kwa punje, kwenye kofia, mabegani, ndani ya kola. Alisimama kwa ujasiri, lazima niseme. Kamba ikalia kwenye puli, ule mlio ninaoujua. Akauinulia uso. Kisha akatoka kwenye kibao kwa hatua ndefu kuliko umbo lake, winchi ikasimama, na nikaushusha mzigo taratibu.

Hakuna aliyecheka mbele yake. Alimwambia Fundi Mkuu akitoe kibao. Fundi Mkuu akasema ndiyo, akakitoa, na swichi ya kwanza ikabaki kama ilivyokuwa. Kwa miaka iliyofuata tulipandisha magunia manne manne, na malori yakajifunza kusubiri.

Hatimaye mgongo ulimshinda, akarudi kuishi Mpui, shambani kwa mkewe. Akaletwa fundi mpya, kijana mpole, hodari, mwenye simu mbili. Sina ubaya naye. Msimu huu mahindi yamekuwa mengi tena, na asubuhi moja niliona kitu kilichonifanya niachie kitufe. Vitalisi alikuwa amekosea kupakia, kulikuwa na lumbesa saba kwenye kitanda, na winchi ilikuwa inazipandisha kimya kimya, bila kengele, kama imekata tamaa. Niliushusha mzigo. Nilipomuuliza fundi mpya, aliniambia bila kuficha: ameagizwa, ameunga kipande cha waya kuipita swichi. Nikaenda kwa Tajiri. Akasema ni kwa msimu huu tu, na kwamba tumezidi woga.

Nilimwomba Mungu, halafu nikapanda basi kwenda Mpui. Nilikuwa na hakika. Mtu ambaye hajawahi kumkatalia mtu yeyote asingenikatalia mimi.

Nilimkuta barazani. Amepungua. Jaketi la kijani lilikuwa limembakia kubwa, na mkono mmoja ulikuwa unashikilia kiti hata akiwa ameketi. Waombaji walikuwepo, huko nako wamemjua: mmoja na pampu, mmoja na redio, mama mmoja anataka mwanawe asimamiwe ubatizo. Nikachutama, nikapiga makofi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo unapanda?"

Nikamweleza kila kitu. Waya, lumbesa saba, kamba, Vitalisi anayepita chini akiimba. Nikamwambia aje siku mbili tu. Tajiri anamheshimu, atazungumza naye, atatoa ule waya kwa mkono wake. Nitamlipia nauli, nitampatia mto wa kukalia. Wakati nasema niliona anavyopumua, na niliona mkewe amesimama mlangoni amekunja kanga, na bado niliendelea kusema, kwa sababu niliogopa sana.

Midomo yake ilijiweka kwa lile neno tulilolizoea. Kisha ikajipanga upya.

"Hapana," alisema.

Mwenye redio aliinua kichwa. Fundi Mkuu mwenyewe alionekana kama mtu aliyesikia hodi asiyoitarajia.

"Hapana, mwanangu. Siwezi. Nikipanda gari mimi sitarudi. Mashine wameiziba mdomo, lakini wewe hawajakuziba. Rimoti unashika wewe."

Mama Mkuu alipiga vigelegele. Sisemi uongo, alipiga vigelegele vya harusini, peke yake, mpaka majirani wakatokea. Na yule mzee, kama aliyeonja asali uzeeni, akamgeukia mwenye pampu: hapana. Mwenye redio: hapana. Mama wa ubatizo: hapana, lakini hongera. Jirani aliyekuja kuuliza vigelegele vya nini akaambiwa hapana kabla hajamaliza salamu. Mkewe akamuuliza kama ataongezewa chai, akasema hapana, akafikiri, akaomba aongezewe. Nilicheka nikiwa nalia. Niliumia, maana nilikuwa nimemjia yeye na nilikuwa narudi mikono mitupu, na pia nilifurahi kumwona akiegemea kiti kwa mgongo wake wote.

Kesho yake wabebaji wakapakia lumbesa kama walivyoagizwa. Nilishika rimoti, nikamwita Tajiri, nikamwambia sibonyezi. Wabebaji wakaacha kazi, Vitalisi akaketi juu ya gunia bila mzaha wowote usoni. Tajiri hakupiga kelele. Alisema atampigia Fundi Mkuu, aje atusemeshe, aje ashike mwenyewe hiyo rimoti kama ni lazima, maana yule mzee ni mtu mwelewa, hajawahi kumkatalia mtu. Akaiweka simu kwenye sauti ya juu ili tuaibike sote.

Ikaita. Salamu zikaenda, za mgongo, za mvua, za mama wa nyumbani. Tajiri akaeleza shida yake.

"Hapana, tajiri," simu ikasema. "Mzigo huo ushushwe. Shikamoo ya mama nitaifikisha."

Tajiri akaitazama simu, akasoma namba kwenye kioo kuhakikisha hakukosea. Akaketi karibu na Vitalisi, juu ya gunia hilo hilo. Akavua kofia. Nilifikiri atanifukuza, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria ada za watoto.

"Anaumwa?" aliniuliza.

"Hapana, tajiri," nikamwambia. "Amepona."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwita fundi mpya, akamwambia apande akatoe kile kipande cha waya.